MAGUGU NA MWANI KATIKA MAJI YA MJI, NA KAZI YA KARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama)



Halmashauri imenipa heshima ya kusoma maneno machache mbele yenu jioni hii, nami nimechagua habari za magugu na mwani viotavyo katika maji ya miji yetu. Huenda baadhi yenu mkauliza: Karani ana nini na magugu? Je, kazi hiyo si ya Bwana Samaki, na Bwana Afya, na wahandisi wa maji? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla sijakaa kitako; ila naomba mnistahimili kwanza nieleze jambo lenyewe lilivyo.

MAJI YALIYOFUNGIKA

Miji mingi ya Afrika imejengwa kando ya maji yaliyofungika, yaani maji mapana yenye kina kifupi, yaliyozungukwa na nchi kavu pande nyingi, tena yenye mlango mwembamba wa kutokea baharini au ziwani. Lagos ni hivyo, na Abidjan ni hivyo. Kwetu huku mfano ulio karibu ni Ghuba ya Winam, ambayo ramani za zamani huiita Ghuba ya Kavirondo. Mji wa Kisumu umekaa upande wake wa mashariki, na reli ilifika hapo mwaka 1901.

Ghuba hiyo ni sehemu ya Ziwa Victoria, walakini tabia yake si ile ya ziwa kuu. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,400, na njia yake kubwa ya kutokea ni mlango wa Rusinga. Palikuwa na njia ya pili, ndogo, penye Mbita, nayo katika miaka ya 1980 ilizibwa kwa tuta la barabara. Baadaye pakajengwa daraja ili maji yapite tena. Maji yaliyomo katika chombo cha namna hiyo hayabadiliki upesi. Kila kinachotiwa ndani, kiwe chema au kibaya, hukaa.

Na ni vitu gani vinavyotiwa? Mito, kama Nyando na Sondu, huleta udongo wa mashamba uliochukuliwa na mvua, pamoja na mbolea iliyomo. Mji nao huleta maji machafu ya vyoo na majiko, mengine yamesafishwa na mengine hayakusafishwa. Ndani ya vitu hivyo mna vyakula viwili vya mimea, naitrojeni na fosforasi. Mkulima akivipata shambani hufurahi. Vikizidi majini, hulisha mazao ambayo hakuna aliyeyapanda.

HABARI ZA GUGU

Mgeni wa kwanza ni gugu-maji, lile lenye maua mazuri ya zambarau na mashina yaliyovimba kama chupa, lieleayo bila kushika udongo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua kwa ajili ya uzuri wa maua yake, wakalipanda katika vidimbwi vya bustani, nalo likatoroka. Misri lilikuwako tangu mwisho wa karne ya 19. Katika mto Pangani lilionekana katika miaka ya 1950. Na katika Ziwa Victoria lilitambuliwa miaka ya 1989 na 1990. Mto Kagera umekuwa mojawapo ya njia zake, ukiliteremsha toka magharibi siku zote.

Nguvu ya gugu hili ni katika kuzaa. Penye chakula na joto laweza kujizidisha mara mbili kwa muda wa wiki mbili au kupungua. Ninyi ni watu wa hesabu, basi hesabuni pamoja nami. Anza na hekta moja. Baada ya wiki mbili ni hekta 2, baada ya wiki nne ni 4, na baada ya wiki kumi na nne ni hekta 128. Tena mbegu zake huzama matopeni na kukaa miaka mingi zikingoja. Kwa hiyo mtu asemaye, “Tumelimaliza,” hana budi kuulizwa: Umelimaliza juu ya maji, au na chini pia?

Kufika mwezi wa Novemba mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Nino, magugu yalikuwa yamefunika hekta kama 17,000 katika Ghuba ya Winam, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ghuba nzima. Meli zilishindwa kufika gatini. Mitumbwi ilifungiwa ufuoni, na mvuvi aliyekuwa ametega nyavu zake usiku aliamka asubuhi akazikuta chini ya bustani. Kule Jinja magugu yalisumbua mitambo ya umeme. Chini ya zulia hilo hewa ya majini hupungua, samaki hukimbia au hufa, na konokono wachukuao kichocho hupata kivuli na maskani.

Lakini msidhani kwamba magugu yana tabia moja kila mahali. Katika wangwa wa Lagos huenea wakati wa mvua, maana maji ya mito hupunguza chumvi. Kiangazi kikija, maji ya bahari hupenya ndani, chumvi huzidi, na magugu hufa. Bahari huwafanyia watu wa Lagos kazi hiyo kila mwaka. Sisi wa Ziwa Victoria hatuna chumvi ya kutusaidia. Ndiyo maana yatupasa kutumia akili.

HABARI ZA MWANI

Mgeni wa pili ni mdogo, nami namwogopa kuliko yule wa kwanza. Nasema juu ya mwani wa maji baridi, ule utando wa kijani uonekanao kama rangi iliyomwagwa, hasa asubuhi ya siku isiyo na upepo. Wataalamu hutuambia kwamba namna nyingine si mwani hasa, bali ni bakteria wenye rangi ya kijani na buluu. Baadhi yao waweza kuchukua naitrojeni katika hewa yenyewe, na kwa sababu hiyo kuzuia fosforasi ndiko kulikotiliwa mkazo mkubwa katika nchi nyingi.

Namna iitwayo Microcystis, ambayo hupatikana sana katika Ghuba ya Winam, yaweza kutoa sumu inayodhuru ini. Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka mpaka wa mikrogramu 1 tu ya sumu hiyo katika lita moja ya maji ya kunywa kwa muda mrefu, na mikrogramu moja ni sehemu ya milioni ya gramu. Na hapa nataka kila mzazi aliyemo humu anisikilize: kuchemsha maji kwaua vijidudu vya maradhi, walakini hakuondoi sumu hii. Mama aweza kuteka maji penye utando, akayachemsha vizuri kama alivyofundishwa zahanati, akamnywesha mtoto kwa moyo mweupe, na sumu imo ndani. Asiteke penye utando. Hilo ndilo neno la kwanza la kumfundisha.

Mwaka 2004 mwani ulizidi hata uvutaji wa maji ya mji wa Kisumu ukasimamishwa kwa muda. Na mwaka 2014, kule Toledo katika Marekani, mji wenye mitambo ya kila namna, watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya mfereji kwa siku kadhaa kwa sababu ya mwani wa Ziwa Erie. Basi jambo hili si aibu ya nchi maskini peke yake.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Chombo cha kwanza cha uchunguzi ni rahisi hata chaweza kutengenezwa na fundi bati yeyote. Ni sahani ya mviringo yenye upana wa sentimita 20, iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo, ikafungwa uzito na kamba yenye alama. Mtaalamu wa nyota wa Kiitalia, Padre Angelo Secchi, alianza kuitumia sahani ya namna hii baharini mwaka 1865. Huishusha majini polepole hata isionekane tena, ukaandika ni mita ngapi.

Katika mwaka 1927 wachunguzi walipima Ziwa Victoria kwa sahani hiyo, na katika maji ya wazi ilionekana hata mita 7 hivi chini. Katika miaka ya 1990 ilikuwa ikipotea kabla ya mita 3, na karibu na Kisumu hupotea kabla ya mita moja. Sasa fikirini. Tungalijuaje kwamba ziwa limebadilika, kama si mtu aliyekaa chomboni, akashusha sahani, akaandika tarakimu, na mwingine akalitunza karatasi lile? Wazee wangetuambia kwamba maji yalikuwa meupe, na vijana wangesema kwamba wazee husifu siku zao daima. Tarakimu ndizo zilizoamua.

Sahani peke yake haitoshi, kwa kuwa maji yaweza kuwa mazito kwa udongo wala si kwa mwani. Basi mpimaji huandika na rangi ya maji, na harufu, na upepo unatoka upande gani, maana upepo huusukuma utando na magugu toka ufuo huu hata ule. Huchukua na chupa ya maji kwa wataalamu wa darubini. Tena siku hizi ziko picha zinazopigwa na vyombo viendavyo angani juu ya dunia. Chombo kiitwacho Sentinel-2 huzipiga kila siku tano hivi, na katika picha hizo magugu huonekana wazi, isipokuwa mawingu yakiyaficha. Lakini picha haisikii harufu, wala haijui kama ule ukijani karibu na bomba la maji una sumu. Mtu wa ufuoni hana budi kuwako.

JINSI YA KUZUIA

Njia zilizojaribiwa ni nyingi, nami nitazitaja pamoja na gharama zake.

Njia ya kwanza ni mikono na mapanga. Hufaa gatini, na penye bomba la maji, na ufuo wa kuanikia samaki. Haifai kwa ghuba nzima. Hekta moja iliyofunikwa barabara yaweza kuwa na tani 200 za magugu mabichi na kuzidi. Zidisha kwa hekta 17,000: ni tani 3,400,000. Gari la kuchukua tani kumi lingekwenda safari 340,000, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mzigo wake ni maji tu.

Njia ya pili ni mashine. Mwaka 1999 mashine ya kukatakata magugu ilitumiwa katika maji ya Kisumu, na vipande vikaachwa vizame. Njia hupatikana upesi, ndiyo; lakini kilichozama huoza, kikioza hula hewa ya majini, na chakula kilichokuwa ndani ya gugu hurudi majini na kuulisha mwani. Ni kama kumfukuza mwizi wa kuku ukamwachia mlango wazi mwizi wa mbuzi.

Njia ya tatu ni dawa. Kwa mwani, watu wengi huutaja mrututu, na ni kweli huua. Walakini mwani ukifa ghafla hupasuka na kumwaga sumu yote iliyokuwa ndani yake. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm Island huko Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu ili kuua mwani, na muda si mrefu watu 148, wengi wao watoto, waliugua na kutibiwa hospitali. Aliyetia dawa alikusudia mema. Kwa hiyo karani atakayepelekewa ombi la kununua mrututu kwa ajili ya maji ya mji, na aulize kwanza: Mtaalamu amekwisha kuutazama mwani wenyewe? Na bomba la maji litafungwa siku ngapi?

Njia ya nne ni mdudu. Wako fukusi wa namna mbili, wenye asili ya Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe. Mzima hula majani, na buu hutoboa mashina hata maji yakaingia na gugu likazama. Walichunguzwa kwanza kwa muda mrefu ili kuhakikisha kwamba hawataharibu mazao ya watu, kisha wakaachwa majini Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Na penginepo wavuvi wenyewe waliwafuga ufuoni katika mapipa. Kufika mwisho wa mwaka 2000 magugu ya Winam yalikuwa yamepungua hata chini ya hekta 1,000.

Je, ni fukusi walioyaua? Wataalamu wamebishana. Wengine husema ni fukusi. Wengine husema mawingu ya El Nino yalipunguza mwanga wa jua na mawimbi yakayavunja. Mimi si mtaalamu, sitaamua. Nasema neno moja tu, nalo ni letu: laiti kila ufuo ungalikuwa na daftari la kila wiki, lenye kuonyesha majani mangapi yameliwa na zulia lina upana gani, mabishano hayo yangalikwisha mapema. Na haikuwa mabishano ya bure, maana baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 magugu yalirudi, na mtu hawezi kujua atumie fedha kwa njia gani ikiwa hajui ni ipi iliyofaa mara ya kwanza.

Njia ya tano ndiyo ya mwisho, nayo ndiyo ya kweli: kupunguza chakula. Kusafisha maji machafu ya mji kabla hayajafika ghubani, kulinda kingo za mito, kuacha matete yasimame, maana matete huchuja. Ni njia ya taratibu, wala haina sherehe ya kufungua. Bila hiyo, zile nne nyingine ni kukausha sakafu huku bomba li wazi.

KAZI YA KARANI

Sasa nalijibu swali nililowaahidi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ya mji ni mali, tena ni mali ya kila mtu, na kwa hiyo huelekea kukosa daftari kuliko mali yoyote.

Nimepata kuliona daftari moja la kupimia maji, mahali ambapo sitapataja. Karatasi zake safi, mwandiko wake mzuri, mistari imepigwa kwa rula. Na wiki kumi na moja mfululizo kina cha sahani ni kile kile, wala nukta haikusogea, katika majira ambayo mvua zilianza na mito ikajaa. Kila mmoja wetu anajua daftari hilo liliandikwaje: liliandikwa mezani. Hakuna fedha iliyoibiwa pale, wala mkaguzi hangeona kosa. Lakini kama mwani wenye sumu ungalikaribia bomba katika wiki ya sita, daftari lile lingaliushuhudia mji kwamba yote ni salama. Mabwana na Mabibi, tarakimu ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu. Nafasi tupu humfanya msomaji aulize. Tarakimu ya uongo humlaza usingizi.

Nasema hivi bila ukali, maana najua shida za makarani. Mara nyingi mashua haina mafuta, kamba imekatika, na mpimaji hajalipwa posho yake. Basi na iandikwe hivyo: “Leo hatukupima, mashua haina mafuta.” Maneno hayo yakiandikwa wiki tatu, na nakala ikapelekwa kwa mkubwa, mafuta yatatafutwa. Yasipoandikwa, mkubwa ataapa kwamba hakuambiwa.

Kwa hiyo naomba Chama kiyafikiri mashauri haya:

Kwanza, wanachama walio katika afisi za maji, afya, uvuvi na bandari kando ya ziwa watumie daftari la namna moja, lenye tarehe, saa, mahali, kina cha sahani, rangi na harufu ya maji, upepo, upana wa magugu, na jina la aliyepima.

Pili, liandikwe pale pale ufuoni, si Jumatatu mezani.

Tatu, utando ukionekana karibu na bomba la maji, habari ipelekwe kwa mtambo wa maji na kwa Bwana Afya siku ile ile, kwa simu na kwa barua, na saa ya kupeleka iandikwe.

Nne, kila fedha itakayolipwa kwa kuondoa magugu, iwe kwa vibarua au kwa mwenye mashine, vocha yake iambatishwe na kipimo cha kabla na kipimo cha baada. Hili huenda likatuchukiza kwa watu fulani. Na lituchukize.

Tano, madaftari ya zamani yasichomwe moto wala kuuzwa kwa wafunga karanga. Tarakimu ya 1927 imetufaa sisi. Na ya kwetu itawafaa wajukuu.

Hakuna shauri hata moja katika hayo litakalohitaji karani kuvua viatu na kuingia majini. Lahitaji kalamu, na ukweli, na kutokuchoka. Mvuvi wa Dunga ambaye mtumbwi wake umefungiwa, na mama atekaye maji ufuoni, hawatujui kwa majina, wala hawatakuja kutushukuru. Walakini maisha yao yamo katika safu za madaftari yetu, nasi ndio wenye kuamua kama safu hizo zitasema kweli.

Bwana Rais, naomba mashauri haya matano yapelekwe mbele ya Halmashauri yapigiwe kura katika mkutano ujao. Mwenye swali na aulize.